Samaki wa Kura

Jumatatu, 2 Machi

Bosi amenipa daftari hili niandike vipimo vya maji. Vipimo nitaviandika kuanzia mbele. Haya mengine nayaandika kuanzia nyuma, kwa sababu Bosi hasomi kitu chochote kuanzia nyuma, na kurasa mia mbili ni nyingi mno kwa maji peke yake.

Leo alikuja afisa wa mazingira, Vivian, dada mpole aliyevaa gambuti kubwa kuliko miguu yake. Alisimama kwenye mfereji unaotoka chumba cha rangi akayatazama maji yetu yakiteremka kwenda kijitoni. Leo yalikuwa ya maruni. Kiwanda chetu hapa Kitale kinatia rangi vitambaa vya pamba vya sare za shule, kwa hiyo kijito kinabadilika kulingana na shule iliyoagiza. Watoto wa huko chini wakiyaona maji asubuhi wanajua nani ananunua sketi.

Niliposema hivyo Vivian hakucheka. Ametupa hadi Ijumaa, tarehe 29 Mei. Maji yasafishwe, na jirani wa kwanza chini ya mfereji atie sahihi kwamba hana malalamiko. Bila sahihi hiyo, chumba cha rangi kinafungwa. Chumba hicho kina watu ishirini na watatu, nami ni mmoja wao.

Jirani wa kwanza ni Jepkemboi. Ndiye aliyetushtaki.

Jumanne, 3 Machi

Bosi alituita akauliza nani anajua habari za kusafisha maji. Mimi nimechochea boila kwa miaka kumi na tisa, na boila likipewa maji machafu halikosi kukuambia, tena vibaya. Nikainua mkono.

"Job! Umesomea wapi?"

"Kwa mitungi, Bosi."

Nilimaanisha kwamba nimesoma kila kilichobandikwa kwenye mitungi ya dawa tangu niajiriwe.

"Hata ile ya Kijerumani?"

"Ile niliangalia picha."

Akaniteua. Sikujua kama ni kwa sababu ya jibu langu au kwa sababu hakukuwa na mkono mwingine hewani.

Bosi ni Sukhwinder. Kilemba chake ni cha buluu iliyoiva, wala hakikutiwa rangi kwetu. Alizaliwa Kitale hapa hapa, na anatukana kwa Kibukusu safi kuliko mimi niliyezaliwa Bumula.

Alhamisi, 12 Machi

Tumechimba mabwawa matatu yenye kuta za saruji, na la pili na la tatu tumeyaezeka mabati mvua isije ikatujazia. La kwanza tunatia shabu, rangi igande na kuzama. La pili maji yanapita katikati ya makaa ya magunzi. La tatu yanapumzika. Wilaya hii haina shida ya magunzi. Nilipomwambia mkulima mmoja nayataka ya mavuno ya mwaka jana, aliuliza mara mbili kama mimi ni mzima.

Bosi analalamikia saruji. Analalamikia pia koleo. Nadhani mtu huyu angelalamikia hewa kama ingekuja kwa lori.

Jumamosi, 21 Machi

Nilikwenda kwa Jepkemboi kujitambulisha. Watu wanamwita Mama Kiplagat. Anaotesha miche ya kabichi, nyanya na vitunguu kwenye mabanda ya nailoni, na wakulima wanaifuata hata kutoka Kimilili.

"Wewe ndio wa rangi?"

"Ndio mimi, Mama Kiplagat."

"Haya, keti. Mwaka jana nilinyunyizia trei arobaini za nyanya nikitumia maji ya huo mto. Unajua ziliniambia nini?"

"Hapana, mama."

"Hata mimi sijui. Zilikufa kabla hazijaongea."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Chai nilipewa, lakini bila kuulizwa kama naongeza. Nimemwandika kwa sasa kuwa mwanamke mgumu.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua imeanza. Inafika saa tisa alasiri kila siku. Ndiye mfanyakazi pekee wa hapa anayeheshimu saa.

Jumanne, 31 Machi

Mvua, saa tisa.

Jumatano, 8 Aprili

Maji ya bwawa la tatu yametoka meupe! Bosi alijaza glasi, akaiinua kwenye dirisha, akanusa, akanitazama mimi, akainusa tena. Kisha akaenda sokoni mwenyewe akarudi na ndoo yenye ngege kumi na wawili walio hai.

"Job, mimi sitaki kusikia maneno ya vyeti. Hawa ndio watapiga kura. Wakiishi, wamesema ndiyo. Wakifa, wamesema hapana."

Nikachukua ubao na brashi, nikaandika kwa herufi kubwa mtu asiwaguse: SAMAKI WA KURA. Nikausimamisha kando ya bwawa la tatu. Mwandiko wangu ulipendeza, nikarudi nyuma kuutazama mara kadhaa.

Ijumaa, 17 Aprili

Samaki wako hai. Mvua, saa tisa.

Alhamisi, 23 Aprili

Samaki wako hai na mmoja amenenepa. Bosi anaamkia kwao kabla hajatuamkia sisi. Vivian alipita akawapiga picha, akasema ni dalili nzuri lakini fomu haina mahali pa samaki. Fomu ina mahali pa Jepkemboi.

Jumatatu, 27 Aprili

Samaki hawako.

Niliwatafuta kila upande, kisha nikawatafuta tena kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Hakuna alama ya ndege, hakuna magamba. Nikamwona Matthew anapita. Matthew ni wa Kabuchai, anaendesha mashine ya kukamua vitambaa, mtu mwaminifu hata ukimwachia mfuko wa sukari uliofunguliwa.

"Matthew, umeona samaki?"

"Si tulikura."

"Mli-nini?"

"Tulikura. Jumamosi. Nilivua wote kabla ya kutoka kazi. Walikuwa watamu, Job, sikufichi."

"Nani alikwambia uwachukue?"

Akanishika mkono taratibu, kama mtu anayemwongoza mgonjwa, akanipeleka mbele ya ubao wangu. Akasoma kwa kidole. "Samaki. Wa. Kura. Nikasema, kumbe Bosi anafikiriaga watu wake, bana! Ati nani mwenye watoto wengi? Ni mimi."

Kwetu Bungoma L na R ni mapacha: ukimwita mmoja, anaitika aliye karibu. Mimi mwenyewe nikiwa na haraka nikitamka neno hilo, msikilizaji hujichagulia. Matthew alilisoma "kula", jinsi anavyolisema, mimi nikaliandika jinsi nilivyolifikiria, na tukakutana kwenye ubao mmoja tusijuane.

Bosi alipoambiwa, nilijiandaa kwa Kibukusu. Hakutukana. Alisema, "Watoto walikula pia?" Matthew akasema ndiyo. Bosi akachukua ufunguo wa gari. Aliwapeleka wote sita zahanati, Matthew, mkewe na watoto wanne, akakaa nao kwenye benchi hadi alasiri na kilemba chake kimelowa mvua. Hawakupatikana na kitu. Muuguzi alisema waliokuwa hatarini ni samaki tu.

Sitamcheka tena kwa ajili ya saruji.

Jumanne, 28 Aprili

Matthew yuko kazini. Amekula mandazi manne.

Jumatano, 29 Aprili

Matthew amelalamika mgongo. Nikaangusha koleo. Kumbe ni mgongo ule wa siku zote.

Jumamosi, 2 Mei

Habari zilimfikia Jepkemboi kabla yangu. Nilidhani zitatusaidia.

"Kwa hivyo samaki alikunywa dawa, mtu akakula samaki, hakufa, sasa mimi nifurahi nitie sahihi?"

"Ni ushahidi, Mama Kiplagat."

"Ushahidi wa tumbo ya Matthew. Mimi siuzi tumbo. Mimi nauza miche."

Akanipa masharti. Trei mbili za miche ya kabichi iliyokwisha kuota, mbegu moja, udongo mmoja, chini ya nailoni mvua isiingilie. Moja atainyunyizia maji ya tangi lake. Nyingine, maji yetu, na mimi ndiye nimpelekee jerikeni kila baada ya siku mbili. Zikilingana, anatia sahihi.

Nikakubali haraka. Mtu mwenye maji meupe hana cha kuogopa.

Jumanne, 5 Mei

Jerikeni ya pili. Trei zinalingana. Mvua, saa tisa na robo. Imechelewa.

Jumamosi, 9 Mei

Ncha za majani kwenye trei yetu zimekuwa kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Trei yake imesimama wima.

Jepkemboi aliigeuza trei upande huu na ule.

Nilikuwa narudi kiwandani nikamkuta mtamba wake amekata kamba, yuko kwenye bwawa letu la tatu. Hanywi. Analamba ukuta. Nilimsukuma, hakusikia. Nilimvuta mkia, akanipa ule mtazamo wa ng'ombe wa kukuuliza una haraka ya nini. Analamba ile saruji kama analipwa.

Nikachovya kidole bwawani, nikakiweka kwenye ulimi.

Chumvi.

Nimekuwa mjinga wa miezi miwili. Rangi haishiki pamba bila chumvi. Kila asubuhi nasikia magunia yakipasuliwa na kumwagwa kwenye mapipa, na sikuwahi kujiuliza inaenda wapi baadaye. Shabu inazamisha rangi. Makaa yanaondoa harufu. Lakini chumvi inapita kote huko kama mheshimiwa kwenye kizuizi cha polisi. Na wale ngege, nimesoma leo kwenye simu, wanavumilia maji ya chumvi bila hata kukunja uso.

Kura iliibiwa.

Jumatatu, 11 Mei

Nilimweleza Bosi. Aliweka mikono juu ya meza.

"Mashine ya kutoa chumvi iko?"

"Iko. Ukiuza kiwanda unaweza kuinunua."

Hakutabasamu. Zimebaki siku kumi na nane. Akaenda dirishani akawatazama watu wa chumba cha rangi wakianika vitambaa chini ya paa.

"Job, mimi sisemi kitu. Lakini jerikeni ni jerikeni. Maji meupe ni maji meupe."

Kisha akatoka, kama mtu aliyesahau mwavuli.

Jumanne, 12 Mei

Nimempelekea Jepkemboi jerikeni ya maji ya mvua kutoka kwenye paa la boila.

Alhamisi, 14 Mei

Tena.

Jumamosi, 16 Mei

Trei yetu imechipua majani mapya ya kijani. Jepkemboi alichuchumaa akayagusa moja moja kwa ncha ya kidole, kama anayehesabu meno ya mtoto.

"Hii ncha ilikuwa ni ugonjwa tu," akasema. "Job, nilikuwa nimewakosea nyinyi watu. Nilisema kwa kanisa ati mnatuua."

Sikujua pa kuweka mikono. Nilijifanya naangalia nailoni.

"Jumatatu kuja na ile fomu. Na uniulizie Mhindi wako kama naweza kuvuta mpira wa maji kutoka kwa bwawa yenu. Mgongo wangu umechoka kubeba maji ya tangi. Niko na miche elfu nane ya kabichi kwa hiyo banda kubwa, ya kile kikundi cha Kimilili. Ninyunyizie yote maji yenu."

Akanipa kabichi mbili kubwa. Nilikataa, akazitia kwenye mfuko wangu kwa nguvu.

Miche elfu nane.

Jumapili, 17 Mei

Nimekuja Bumula. Mke wangu, Linah, amepika kabichi ile kwa nyanya, na harufu imejaa boma zima. Nilikula vijiko viwili.

"Ni chungu?"

"Hapana."

"Basi ni wewe uko chungu."

Nikamwambia yote. Linah si mtu wa kuhutubia. Alichukua sahani yangu, akaenda kuwapa watoto wa shemeji, akarudi akaketi.

"Huyo mama ako na bwana?"

"Alifariki."

"Hiyo miche ndio ada ya shule?"

"Nadhani."

"Unadhani," akasema, akaanza kuosha vyombo kwa kelele.

Jumatatu, 18 Mei

Leo nitaandika polepole.

Nilikwenda na fomu kama nilivyoagizwa. Bosi aliifunga kwenye bahasha, akaniambia niishike isilowe. Jepkemboi alikuwa ameshatandaza mpira wa maji kutoka bandani hadi kwenye ua wetu, na kalamu ameibana nyweleni chini ya kitambaa. Alikuwa amevaa viatu vizuri. Hicho ndicho kilichonimaliza, viatu.

"Mama Kiplagat, usifungulie hayo maji."

"Kwa nini? Bosi amekataa?"

"Yana chumvi. Zile ncha hazikuwa ugonjwa. Ni chumvi. Mimi nilikuletea maji ya mvua mara mbili ukaona majani yanapona."

Hakuelewa mara moja. Niliona ikiingia taratibu. Alitazama trei, akatazama banda kubwa ambalo ndani yake miche elfu nane ilikuwa imekaa bila habari, akatazama mpira alioutandaza kwa mikono yake.

"Ulinidanganya na jerikeni."

"Ndio."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

"Na kabichi zangu ukakula."

"Vijiko viwili, mama."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Midomo yangu imezoea kujibu. Alichukua fomu mkononi mwangu nikadhani ataichana, lakini aliikunja akaitia kwenye bahasha yake, akanirudishia kwa adabu iliyouma kuliko kofi.

"Nyinyi watu," akasema, sauti haikupanda hata kidogo, "mnanunua chumvi na pesa yenu, si ndio? Gunia ngapi kwa siku?"

"Saba. Siku zingine nane."

"Mnaitumia mara moja. Halafu mnakaa na kuchimba mabwawa, mnachoma magunzi, mnafuga samaki, ndio mtafute njia nzuri ya kuileta kwangu. Sasa niambie wewe uliyesoma mitungi. Kama ni chumvi yenu, na mnaihitaji kesho, si mkae nayo!"

Akaanza kuukunja mpira wake. Nilitaka kumsaidia.

"Usiguse. Na usinisalimie mpaka nikusalimie."

Nilipanda mlima kurudi kiwandani mvua ikininyeshea, na ilikuwa saa nne asubuhi tu, hata mvua ilikuwa imepoteza ratiba. Neno lake lilikuwa linanizunguka kichwani. Si mkae nayo. Lilikuwa tusi. Nilipofika langoni lilikuwa limegeuka kuwa kazi.

Maji yale ni meupe. Hayana rangi, hayana harufu. Kasoro yake moja ni chumvi, na kuna mahali pamoja tu Kitale nzima ambapo chumvi si kasoro: pipa la kutia rangi.

Nilimwendea Bosi nimelowa chapachapa. Nilimwambia kwanza kwamba nimemwambia ukweli Jepkemboi. Alifumba macho. Sahihi ilikuwa imekwenda, na alijua. Kisha nikamwambia la pili.

Alifumbua jicho moja.

"Maji yarudi kwa pipa?"

"Yarudi yote. Tuzibe mfereji. Mapipa yaongezwe chumvi kidogo tu inayopungua."

"Na kama rangi itaharibika?"

"Tutakuwa tumeharibu rangi yetu, Bosi. Si miche ya mtu."

Alitoka nje kwenye mvua akatukana kwa Kibukusu, maneno ambayo marehemu babu yangu ndiye niliyemsikia akiyatumia mara ya mwisho. Sikujua anamtukana nani. Nadhani ilikuwa ile habari ya jerikeni, na ilikuwa yetu wote wawili. Kisha akamwita Matthew alete saruji.

Jumanne, 19 Mei

Mfereji umezibwa. Matthew alilainisha saruji kwa mwiko, akauliza kama tuweke ubao. Tukasema hapana, wote kwa pamoja.

Alhamisi, 21 Mei

Tumejaribu kijani. Kimetoka na madoadoa kama mbuzi. Vitambaa hivyo vitakuwa vya kupangusia mashine mpaka nistaafu.

Ijumaa, 22 Mei

Buluu nzito imetoka safi! Tumeilinganisha na ya zamani, tukabishana ipi ni ipi, Bosi mwenyewe akakosea. Badala ya magunia saba tumepasua mawili. Rangi nzito zitatumia maji yaliyorudi. Za mwanga, kama kile kijani, zitatumia maji mapya, nayo tukiyasafisha yatakwenda kwenye nzito.

Jumatatu, 25 Mei

Maruni safi. Nyeusi safi. Mvua, saa tisa.

Nilikutana na Jepkemboi barabarani. Sikumsalimia, kama nilivyoagizwa. Hakunisalimia. Lakini alikuwa anatoka upande wa kijito, na gambuti zake zilikuwa na tope. Alikuwa ameenda kuangalia.

Jumatano, 27 Mei

Leo tena nimemwona kule chini, ameinama kwenye mdomo wa mfereji, anabonyeza saruji ya Matthew kwa kidole gumba.

Ijumaa, 29 Mei

Vivian alifika saa tano. Alikagua mabwawa, akakagua tope tulilolikausha na kulifunga kwenye magunia, akaingia chumba cha rangi akaona maji yanavyorudi. Aliniuliza nimesomea wapi. Bosi akajibu kabla yangu: "Kwa mitungi." Alijibu kwa fahari.

"Imebaki sahihi ya jirani," akasema Vivian.

Hakuna aliyemwita Jepkemboi. Hakuna aliyethubutu. Tulisimama hapo, wenzangu ishirini na wawili wa chumba cha rangi wakijifanya wana shughuli karibu na dirisha, Bosi akirekebisha kilemba ambacho hakikuwa na kasoro. Nusu saa ikapita. Vivian alianza kufunga faili lake.

Jepkemboi aliingia langoni. Alimwamkia Vivian, akamwamkia Bosi, akamwamkia Matthew, akamuuliza hali ya watoto wake wanne. Akanipita mimi kama mlingoti.

Alichukua fomu akaisoma kwa sauti, polepole. "Je, umeridhika na ubora wa maji yanayokufikia kutoka kiwandani?"

Akainua kichwa. "Hayanifikii."

"Mama, andika tu ndiyo ama hapana," akasema Vivian.

"Swali ni la maji yanayonifikia. Hayanifikii. Nijibu aje?"

"Basi andika vile unavyoona, mama. Hapo chini kuna nafasi."

Jepkemboi aliegemea meza ya kupimia vitambaa akaandika kwa muda mrefu, herufi kubwa kubwa, kalamu ikitoboa karatasi mahali pengine. Akatia sahihi. Akanipa mimi fomu niipitishe, bila kunitazama, na ndivyo nilivyoisoma kabla ya mtu mwingine yeyote:

"Maji yao sijayaona tangu tarehe 19. Nimekuwa nikienda kuangalia kila siku na nitaendelea. Yakae huko huko."

Vivian aliisoma mara mbili. Kisha akatoa muhuri, akaupumulia, akaugonga.